Tamthilia na vipindi gani vya Kiswahili unavyovipenda mtandaoni? Mimi nasema vitamu havipo kwenye huduma za kulipia

#1 Mchekeche wa Mbagala
Wakuu, salaam.

Nimekuwa nalipia huduma za kuangalia mtandaoni kwa muda sasa, na mwezi ukiisha najikuta nimeangalia Wakorea na Wahispania tu. Kiswahili kikija ni filamu moja moja, unaimaliza, basi. Halafu naingia YouTube, silipi kitu zaidi ya bando, nakuta Siri ya Mtungi.

Kwa wasioijua: ilianza kuoneshwa mwishoni mwa 2012, imepigwa Bagamoyo. Inamfuata Cheche, kijana anayejifunza kazi ya kupiga picha, na mkewe Cheusi. Ujumbe wa Ukimwi na uzazi wa mpango umo, lakini huoni kama unahubiriwa, maana watu wanaongea kama watu. Mume anarudi amechelewa, mke hasemi kitu, anapakua chakula tu, na wewe uliyekaa kwenye kochi unajua kabisa leo hakulaliki humo ndani. Tamthilia ngapi za kulipia zinaweza hivyo?

Dai langu liko kwenye kichwa cha uzi. Anayebisha alete jina, aseme kipo wapi na kwa nini nikitafute leo usiku. Anayekubali anieleze kwa nini hali iko hivi.

#2 Otis wa Umoja
Nabisha. Country Queen, Netflix, Julai 2022, vipande sita. Akisa ni dada wa Nairobi anayeandaa sherehe za watu, anarudi kijijini kwao Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini imeitolea macho ardhi. Melissa Kiplagat amemcheza vizuri sana. Kuna Kiswahili, Kikamba na Sheng, kila mtu anaongea lugha ya mahali alipo. Ndicho kitu cha kwanza cha Kenya kuingia Netflix, heshima ipewe.

#3 Karani wa Filamu
Mkuu #2, hapo mwisho rekebisha kidogo. Ni *tamthilia* ya kwanza ya Kenya kule. Filamu zilitangulia: Sincerely Daisy ya Nick Mutuma iliingia Oktoba 2020.

Na mimi naongeza African Folktales, Reimagined. Ni filamu fupi sita ambazo Netflix walizitoa na UNESCO Machi 2023. Tanzania imo kwa Katope ya Walt Mzengi Corey, habari ya mtoto aliyefinyangwa kwa udongo, na ukame, na mvua inayodai gharama yake. Kenya imo kwa Anyango and the Ogre ya Voline Ogutu, Uganda kwa Katera of the Punishment Island ya Loukman Ali. Mleta uzi, anza na Katope, na uzime taa kwanza.

#4 Mama Junia
Habari zenu. Mnaongelea vya wakubwa tu, na sisi wenye watoto je?

Ubongo Kids na Akili and Me, zote YouTube, zote zimetengenezwa Dar. Ubongo Kids ilianza TBC Januari 2014, hesabu na sayansi kwa nyimbo. Akili and Me ni ya wadogo zaidi: binti anayeishi chini ya Kilimanjaro, akilala anaingia kwenye nchi ya ndoto anakocheza na wanyama. Mwanangu alijifunza kuhesabu humo kabla hajaanza chekechea. Yule simba mdogo akianza kuimba, hata kama uji uko mdomoni anasimama.

Nilichopenda ni kwamba mtoto anaona nyumba kama yetu na nywele kama zake. Huduma za kulipia zina katuni elfu, ila ya Kiswahili utaitafuta mpaka uchoke.

#5 Kionja Mchuzi
Dada #4 umenena. Naweka kambi hapa.

#6 Fundi Dishi
Nafunga madishi na visimbuzi Morogoro, naingia sebule za watu kila siku. Mleta uzi unauliza kwa nini. Jibu ni bando, hakuna lingine.

Netflix wenyewe wanaeleza matumizi yao: picha ya ubora wa chini ni kama GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, HD inafika GB 3, na 4K GB 7. Sasa chukua mtu anayenunua bando la siku. Ataangalia HD saa ngapi? Anajiunga kwa furaha, wiki ya kwanza bando linakata katikati ya kipande, mwezi wa pili haendelei. YouTube anaishusha mpaka 144p, picha ina ukungu lakini sauti anaisikia na hadithi anaifuata. Wateja wakiwa hivyo, kampuni itawekeza pesa kwenye tamthilia ya Kiswahili kwa matumaini gani?

Ushauri kwa wote: kwenye simu ingia mipangilio, chagua hali ya kubana data. Kwa Netflix, GB moja itakupa karibu saa sita. Na kama kazini kuna Wi-Fi, pakua ukiwa huko, uangalie nyumbani.

#7 Mwana Mvita
Assalaam aleikum jamaa. Mie ni wa Mombasa na nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja kazi za Jiffy Pictures, ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan. Maria ya 2019, Zora ya 2021, Sultana ya 2022, zote Citizen TV. Kwetu Sultana ikianza mtu hakusemeshi. Mwanaasha Johari kacheza kama msichana asiyeona, na kaicheza kwa utulivu ambao waigizaji wakubwa hawana. Na Kiswahili chake ni cha kwetu, hakuna kukunja ulimi. Mtu akikasirika anakasirika kwa Kiswahili cha pwani, na wenye kujua wanajua uchungu wake.

Ndugu yangu #6, bando ni sehemu tu. Mie naona ni *urefu*. Sisi twataka kukaa na watu. Maria ilikuwa jioni kwa jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka wale watu wakawa kama majirani. Hizo za vipande sita zaisha kabla hujajua nani ni shangazi ya nani.

#8 Otis wa Umoja
#7 dada yangu, na mimi nilifuata Maria kila jioni, lakini tuseme ukweli. Kipande kizima mtu anafungua mlango, muziki unapanda, sura inaoneshwa mara tatu, tangazo. Ukikata zile sura, wiki nzima inakuwa nusu saa.

#9 Mwana Mvita
Kaka #8, zile sura ndizo tunazozitaka. Wewe waangalia tamthilia kama mtu anayewahi matatu.

#10 Mpemba wa Ruwi
Nawasalimu kutoka Muscat. Huku tuko wengi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, wazee wetu walitoka Unguja na Pemba na lugha hawakuiacha. Nataka nitoe sababu nyengine ambayo nyinyi mlioko huko hamuioni.

Ni haki za eneo. Stesheni inayogharamia tamthilia ndiyo inayomiliki, na inaiuza nchi kwa nchi. Programu moja ya kwenu nimeilipia kwa kadi yangu, pesa ikakatwa, nikafungua, nikaambiwa kipindi hiki hakipatikani katika eneo lako. Niliwaandikia, hawakujibu. Mama yangu mtu mzima, hasikii raha kwa Kiarabu cha televisheni, Kiingereza hajui. Anataka asikie watu wanazungumza kama dada zake. Kwa hiyo tunabaki na YouTube, kwa sababu YouTube haituulizi tuko wapi.

Na mwenye kujua ilipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji aniambie. Riwaya ya Adam Shafi nimeisoma zaidi ya mara moja, Yasmini na Denge na Mwajuma nawajua kama watu wa mtaani kwetu. Filamu ilifika tamasha la Toronto 2021. Nataka mama aione Unguja ya miaka ya hamsini kabla macho hayajachoka zaidi.

#11 Karani wa Filamu
Shikamoo kwa mama. Hilo la haki za eneo ni kweli, na linaumiza kuliko bando, maana hapo mtu ana hela na ana mtandao, lakini mlango umefungwa.

#12 Kibanda Buzuruga
Wakuu, mimi nina kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi, hapa Mwanza. Nawasikiliza tu, lakini naona mnaongea kama kila mtu ana simu yake na sebule yake.

Wateja wangu wanataka muvi iliyotafsiriwa. Siyo maandishi ya chini, hapana. Wanataka mtu anayeisimulia. Enzi za msimuliaji Lufufu watu walikuwa wanajaza benchi kwa ajili ya sauti yake, muvi yenyewe ilikuwa ya pili. Kenya wana DJ Afro, ni kazi hiyo hiyo. Msimuliaji anajua lini anyamaze risasi zilie, anajua lini akuambie huyu mzee unayemwona ndiye baba wa stelingi na stelingi mwenyewe hajui. Jumamosi jioni wakiwa wamebanana, anatokea adui nyuma ya mlango, msimuliaji anashusha sauti mpaka kunong'ona, banda zima linainama mbele. Mwenye karanga mkononi hatafuni.

Hizo huduma zimetengenezwa kwa mtu mmoja na simu yake. Sisi tunaangalia kwa kundi. Ndiyo sababu yangu.

#13 Wakili Kijana
Mkuu #12 umeandika vizuri, ila lazima lisemwe: nyingi ya hizo zinasimuliwa na kuuzwa bila ruhusa ya mwenye kazi. Ofisi za hakimiliki, COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya, zipo kwa ajili hiyo. Waigizaji wa hapa hapa wameumia sana kwa kazi zao kugawanywa kwenye flashi. Mtu anatumia akiba yake kutengeneza filamu, wiki ya pili ipo kila kibanda kwa bei ya soda. Hapo ndipo watayarishaji wakakimbilia stesheni zinazolipa mapema, na stesheni zikachukua haki zote. Kwa hiyo #10, mlango wako umefungwa huko Muscat kwa sababu dirisha lilivunjwa huku.

#14 Kibanda Buzuruga
Wakili, nakubali kwamba kuna wizi. Lakini mtu wa kijijini asiyejua Kiingereza alikuwa aangalie nini? Hakuna aliyemletea muvi kwa lugha yake kwa njia halali. Ingeletwa ningeilipia, na wateja wangu wangechanga.

#15 Bi Saada wa Tandika
Wanangu, hamjambo. Iliyoletwa kwa njia halali ipo. Mmewasahau akina Doudou? Ile tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoletwa na StarTimes ikiongea Kiswahili? Mtaani kwetu kila mwenye mkwe alikuwa anaiangalia. Wakwe walijifunza na wakamwana walijifunza.

#16 Karani wa Filamu
Shikamoo Bi Saada. Hiyo ilioneshwa TBC mwaka 2011; za StarTimes ni nyingine nyingi walizoleta. Doudou ilipendwa hadi Rais Xi Jinping wa China akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013.

Hii inaivunja hoja ya #12 kidogo, na ya mleta uzi pia. Kutia sauti za Kiswahili kunawezekana na watu wanapenda. Azam wanafanya hivyo na tamthilia za Kituruki, na ukipita mitaani saa za jioni unasikia nyumba kwa nyumba sauti ile ile. Tena sauti zimechaguliwa: mzee ana sauti ya mzee, bibi ana ukali wake. Swali ni kwa nini hao wakubwa wa kimataifa hawafanyi hivyo kwa kiwango hicho.

#17 Otis wa Umoja
Kwa sababu hesabu haijatimia. Netflix walijaribu kifurushi cha bure kwa simu za Android hapa Kenya kuanzia Septemba 2021, wakakifunga Novemba 2023. Walikuwa wanataka watu waonje halafu walipe. Wangapi walilipa baada ya kuonja? Mtaani kwangu wengi walirudi YouTube.

#18 Fundi Dishi
Unaona? Ni bando.

#19 Otis wa Umoja
Siyo bando mkuu. Hapa kwetu mtaa mzima una Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi. Shida mwanzoni ilikuwa kadi. Watu wana pesa kwenye simu, huduma inadai kadi ya benki. Ilipokuja kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay mwaka 2022 ndipo wengine wakaweza. Kabla ya hapo mtu alikuwa anamwomba binamu aliye Marekani.

Na kwa wapenzi wa upelelezi, naongeza Crime and Justice, ya Showmax na Canal+ ya 2021. Alfred Munyua na Sarah Hassan ni wapelelezi wa Nairobi, kila kipande kesi yake. Ule usiku wa Nairobi umepigwa vizuri, unaona jiji unalolijua.

#20 Mwana Mvita
Sarah Hassan ni wetu, mzaliwa wa Mombasa. Andikeni hapo.

#21 Mtazamaji wa Kivu
Jambo yenu wote. Niko Goma. Sisi huku filamu za Tanzania tulizijua zamani, tangu enzi za mwigizaji Kanumba. Alipofariki Aprili 2012, huku watu walilia kama ndugu yao. Wengi huku waliongeza Kiswahili cha Dar kwa sababu ya zile filamu. Leo hii vijana wanafuata wachekeshaji wa YouTube wa Nairobi na Dar, vipande vya dakika kumi.

Sababu yangu: umeme. Ukiwa na umeme saa chache, huanzi kitu cha saa moja. Waangalia kifupi, wachaji simu, walala. Mimi napendekeza kwa mwenye nafasi: tafuteni vipande vya zamani vya Vitimbi vya KBC huko YouTube. Mzee Ojwang, Mungu amrehemu, alifariki Julai 2015, lakini ile kofia na ule mwendo wake bado vinachekesha watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

#22 Mkulima wa Makambako
Wote mmeacha kipindi kinacholipa. Shamba Shape Up, cha Mediae, kilianza 2012 Kenya, kipo YouTube. Wanaingia shamba la mtu halisi na wataalamu, wanakuta zizi limejaa tope, ng'ombe amekonda, kuku wanafia ndani, wanarekebisha mbele ya macho yako. Mwisho unaona mkulima anahesabu. Mimi nilijifunza humo kutengeneza malisho ya akiba kwa mahindi: yakatekate yakiwa bado mabichi, shindilia mpaka hewa itoke, funika plastiki, weka udongo juu. Kiangazi ng'ombe wangu hawakupungua maziwa. Huduma gani ya kulipia itanipa hicho?

#23 Kionja Mchuzi
Mkuu #22, ile plastiki unatumia ya unene gani? Panya hawaitoboi?

#24 Mkulima wa Makambako
Tumia nzito, nyeusi, na usiache pembe wazi. Panya wanaingilia pale ulipoacha chakula kimechungulia. Shimo liwe juu ya mteremko, maji yasiingie. Njoo kwenye uzi wa mifugo, hapa tutafukuzwa.

#25 Mchekeche wa Mbagala
Nimerudi, nashukuru wote.

Katope nimeiangalia usiku, taa nimezima kama nilivyoagizwa. #3, umenipa kitu. Country Queen nimefika katikati na naipenda, ule mvutano wa ardhi nimeuona kwa macho yangu nyumbani kwetu Kilwa. Kwa hiyo nakubali vitamu vipo, ila ni vichache na vimefichwa. Ukurasa wa kwanza unakuletea Wakorea mpaka uandike jina mwenyewe.

Lakini sababu zenu zinagongana. #6 anasema bando, #7 urefu, #10 haki, #12 kundi, #13 wizi, #19 kadi, #21 umeme. Bi Saada na Karani wanaonesha watu wanaipokea tamthilia ya Kichina kwa Kiswahili bila shida. Basi kama Kiswahili kinauza hivyo kwenye kisimbuzi, bando na kadi haviwezi kuwa sababu nzima. Mimi naona hao wakubwa hawajatuamini tu.

#26 Wakili Kijana
Au wametuamini kwenye mpira peke yake. Azam walisaini miaka kumi na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6, kwa ajili ya Ligi Kuu. Hiyo ni imani ya kuandikwa kwa wino. Tupe tamthilia hata sehemu ndogo ya hiyo uone.

#27 Kibanda Buzuruga
Siku ya Simba na Yanga hapa kwangu hata mlangoni pa kusimama hakuna. Tamthilia ya nani itanijazia hivyo?

#28 Mwana Mvita
Sultana ingekujazia, ungeleta kina mama kwanza.

#29 Mpemba wa Ruwi
Ahsanteni. Siri ya Mtungi nimemfungulia mama tangu jana. Kipande cha kwanza alikaa kimya, cha pili akaanza kuwasema wahusika kwa sauti. Anamlaumu Cheche kwa kila kitu. Lakini la Vuta N'kuvute bado nawasubiri wenye habari.

#30 Mama Junia
Kaka Fundi Dishi, swali moja. Televisheni yangu ni ya zamani, haina mtandao, ina tundu la HDMI tu. Nataka Junia aangalie Akili kwenye kioo kikubwa aache simu yangu. Nimeonyeshwa visanduku vya Android Kariakoo, vya bei tofauti sana. Ninunue kipi?

#31 Fundi Dishi
Dada, kwa YouTube tu karibu vyote vitakufaa, ilimradi kisiwe na kumbukumbu ndogo sana, maana hicho kitaganda mtoto alie. Ila kama baadaye utataka na Netflix, uliza kama kimethibitishwa na Netflix wenyewe. Visivyothibitishwa ama havifungui kabisa, ama vinakupa picha ya ubora wa chini hata ukilipia kifurushi kikubwa. Muuzaji akiandika 4K kwenye boksi isikutoshe, mwambie akiwashe dukani afungue mbele yako. Piga picha ya lebo ya chini ya kisanduku uiweke hapa, nitakuambia kabla hujatoa hela.